Tupu Inapovuka Maji: Amana, Urejelezaji na Uamuzi wa Mnunuzi katika Pwani ya Wabajuni

Mipango ya kurudisha bidhaa humfikia mnunuzi kwa njia tatu. Ya kwanza ni amana: mtu hulipia kinywaji, huweka na pesa ya chupa, kisha hurudishiwa pesa hiyo anapoleta chupa tupu. Ya pili ni urejelezaji, yaani kitu kilichokwisha kazi kukusanywa, kusagwa na kufanywa kitu kingine. Ya tatu ni haki ya kurudisha mali yenyewe ikiwa ina ila au haikumfaa aliyeinunua. Zote tatu huanza kufanya kazi mapema sana, dukani, wakati mteja bado anapima achukue ipi na aiache ipi. Katika pwani ya Wabajuni kusini mwa Somalia, inayoanzia Kismayu hadi Ras Kiamboni, na katika visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, suala hili lina sura ya pekee: bidhaa iliyonunuliwa mjini huvuka maji kwenda kisiwani, na ikitakiwa irudi sharti ivuke tena. Bei ya safari hiyo ya pili ndiyo inayoamua kama mpango wa kurudisha utambadilisha mnunuzi au utabaki maandishi kwenye lebo.

Amana inayojulikana zaidi Afrika Mashariki ni ya soda ya chupa ya kioo. Kreti hubeba chupa 24. Mwenye duka asiye na tupu za kubadilisha hulipia soda, chupa na kreti yenyewe, na mzigo huo huuhamishia kwa mteja: anywe pale pale kibarazani, aje na tupu yake, au aache pesa ya chupa. Tupu ikirudi hukaguliwa. Muuzaji hupitisha kidole gumba mdomoni mwa chupa, na akikuta pamemeguka hata kidogo haipokei, kwa kuwa kizibo hakitakaza na kiwanda nacho kitaikataa. Wateja wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana mtoto anayetumwa soda huonywa zaidi kuhusu chupa kuliko kuhusu soda iliyomo.

Utaratibu huo mdogo hubadilisha mengi. Huamua mahali pa kunywea, kwani asiye na tupu hukaa dukani mpaka amalize. Huamua pia atanunua soda ya kampuni gani. Nyumba yenye tupu za Coca-Cola chini ya meza huendelea kununua soda za Coca-Cola, maana tupu hizo hazibadilishwi kwa Pepsi, na kuhamia kampuni nyingine ni kuweka amana upya. Kuna pia jambo la moyoni. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha katika kazi yao ya mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza kiasi fulani huzidi furaha ya kupata kiasi hicho hicho. Amana hutumia uchungu huo. Punguzo la bei la thamani ile ile lingesahaulika jioni hiyo hiyo, lakini pesa iliyolala ndani ya chupa tupu humsumbua mwenyewe mpaka airudishe.

Kwa mtu wa kipato cha siku kwa siku, hata hivyo, amana ni ukuta. Anayenunua unga wa kupimiwa, mafuta ya kujazwa kwenye kichupa na sabuni ya kukatwa hana nafasi ya kufungia pesa kwenye kioo mpaka kesho. Akipewa soda ya plastiki isiyo na amana, hata kama ni ghali kidogo kwa ujazo wake, mara nyingi ataichukua hiyo, kwa sababu mwisho wa mambo anatoa pesa mara moja na mkono wake unabaki huru. Wanaopanga mipango ya kurudisha hupenda kuhesabu faida ya mazingira na kusahau kwamba anayeombwa kuikopesha kampuni pesa ya chupa ndiye mwenye pesa kidogo kuliko wote katika mnyororo huo.

Visiwani plastiki ina nguvu zaidi. Chupa ya kioo ni nzito, huvunjika chomboni bahari ikichafuka, na haina faida ikiwa hakuna kiwanda cha karibu cha kuiosha na kuijaza tena. Kusini mwa Somalia kiwanda cha namna hiyo hakijawa cha kutegemewa tangu serikali ilipoanguka mwaka 1991. Kiwanda cha Coca-Cola kilichofunguliwa Mogadishu mwaka 2004 kilisimama kazi vita viliposhika kasi miaka michache baadaye, na kile kilichofunguliwa Hargeisa mwaka 2012 kiko mbali mno na Kismayu. Kwa hiyo maji na vinywaji vinavyopakiwa kwenda visiwani ni vile vyepesi, visivyovunjika na visivyodaiwa kurudi. Kila aliyeuza na kununua aliamua vizuri kwa hesabu yake, na ufuo wa Koyama ukabaki na takataka.

Inafaa hapa kutazama nchi ambako amana imewekwa na sheria, kwa sababu matokeo yake si yale yanayotangazwa. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilipitisha mwaka 1971 sheria ya amana ya senti 5. Kiasi hicho hakikuguswa kwa zaidi ya miaka arobaini, thamani yake ikaliwa na mfumuko wa bei, watu wengi zaidi wakaacha kurudisha. Urudishaji uliposhuka chini ya asilimia 80 kwa miaka miwili mfululizo, amana ilipandishwa kuwa senti 10 mwezi Aprili 2017, na chupa zikaanza kurudi tena kwa wingi. Ujerumani iliweka amana ya angalau senti 25 za yuro kwenye chupa na makopo ya kutumika mara moja tarehe 1 Januari 2003. Urudishaji ulikuwa mkubwa mno, karibu kila chupa. Lakini nia mojawapo ya sheria ilikuwa kuwavuta wanunuzi warudi kwenye chupa za kujazwa tena, na hilo halikutokea: sehemu ya chupa za kujazwa tena katika maji na vinywaji baridi iliendelea kupungua. Mnunuzi aliona kwamba amana ya plastiki inarudishwa vizuri tu, akatulia, akaendelea kubeba plastiki nyepesi kutoka kwenye maduka ya bei nafuu. Amana ilibadilisha anachofanya na tupu bila kubadilisha anachonunua. Tofauti hiyo ni muhimu kuliko zote katika suala hili, na mara nyingi hupuuzwa.

Pwani ya Wabajuni ina mfumo wake wa urudishaji usioandikwa popote, nao humwongoza mnunuzi kwa nguvu kuliko amana yoyote: chombo hununuliwa pamoja na kilichomo. Zamani ilikuwa debe la mafuta ya taa la lita 18, ambalo likikwisha liligeuka kipimo cha nafaka, ndoo ya kisimani na bati la kuezekea. Leo ni jerikeni ya lita 20, hasa ile ya njano ya mafuta ya kupikia. Mama anayenunua mafuta hayo huitazama jerikeni kabla ya kusoma jina la mafuta. Huibonyeza ubavuni aone unene wake, hushika mpini, hufungua na kufunga kifuniko kuangalia kama kina uzi mzima, kwa sababu chombo hicho kitabeba maji kwa miaka. Mahali ambapo maji matamu ni haba na hubebwa kwa punda au kwa mashua, jerikeni nzuri ni mali. Ikipasuka mdomo hukatwa ikawa ya kukombea maji chomboni. Ikitoboka huzibwa na kufungwa kuwa boya la wavu.

Kwa mtazamo wa uchumi hii ni amana isiyo na karani. Mnunuzi hulipa zaidi kwa chombo imara akijua thamani yake haipotei, na anaweza kukiuza kitupu akitaka. Mtengenezaji anayepunguza unene wa plastiki ili kuokoa gharama hupoteza wateja wa pwani hii hata kama mafuta yake ni bora. Kinyume chake, chupa ya maji ya nusu lita na kipakiti cha shampuu havina maisha ya pili, na ndivyo vinavyojaa mchangani. Anayetaka kujua ni takataka gani itakayobaki ufuoni na aulize ni chombo gani ambacho hakina wa kukinunua kikiwa kitupu.

Mtungi wa gesi wa nchi jirani unaonyesha jinsi kanuni za kurudisha zinavyoweza kumfunga au kumfungua mnunuzi. Nchini Kenya, kabla ya kanuni za mwaka 2009, kampuni zilitumia vali tofauti, na aliyenunua mtungi wa kampuni moja alibaki mteja wake apende asipende. Kanuni hizo zililazimisha vali ya aina moja na mfumo wa kubadilishana mitungi, hivyo mtu aliweza kupeleka tupu ya kampuni hii na kuondoka na gesi ya kampuni ile. Mnunuzi akawa huru kufuata bei. Lakini hakuna aliyejihisi mwenye mtungi, wajazaji wa kichochoro wakaongezeka, na usalama ukashuka. Kanuni za mwaka 2019 ziliondoa ulazima wa kubadilishana, zikaacha kampuni zikubaliane zenyewe, na mteja akarudi kuambatana na jina lililoandikwa kwenye mtungi wake. Kitu ni kile kile na gesi ni ile ile, ila uamuzi wa mnunuzi uligeuka mara mbili ndani ya miaka kumi kwa sababu ya swali moja: tupu hii itapokelewa wapi?

Urejelezaji ni hadithi nyingine, kwani hapa mlipaji na mwokotaji ni watu wawili wasiojuana. Wakati wa kaskazi, mkondo wa Somalia hugeuka ukashuka kusini na kukutana na mkondo wa pwani unaopanda kutoka upande wa Tanzania, na maji ya eneo la Kiunga na Lamu huwa mahali pa makutano. Kandambili, chupa na vipande vya nyavu vinavyoletwa na maji hayo vilinunuliwa mbali. Hakuna amana iliyowekwa katika duka la Chula inayoweza kuirudisha kandambili iliyotupwa ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Ni dhuluma ya wazi kwamba watu wanaonunua plastiki kidogo ndio wanaolala na plastiki nyingi mlangoni.

Wabajuni wa upande wa Kenya walipata njia ya kuifanya takataka hiyo iwe riziki. Katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, kazi ya kulinda kasa mwishoni mwa miaka ya 1990 iliwakutanisha wahifadhi na watoto waliokuwa wakichonga vichezeo kutokana na kandambili zilizookotwa. Wanawake wa vijiji vya huko wakaanza kuziosha, kuzibandika na kuzichonga kuwa samaki, kasa na mapambo, na kutoka kwenye wazo hilo ikazaliwa kampuni ya Ocean Sole, yenye makao Nairobi. Mnunuzi wa sanamu hizo kwa sehemu kubwa ni mtalii au mtu wa ughaibuni anayelipia hadithi pamoja na kitu. Huo ndio uwezo wa soko hilo na ndio udhaifu wake. Utekaji nyara wa watalii wa mwaka 2011 ulipofunga hoteli za Kiwayu na kuwatia hofu wageni, vijiji vya Kiunga vilipoteza wanunuzi waliokuwa wakifika mpaka mlangoni, ilhali kandambili ziliendelea kufika kwa wingi ule ule.

Lamu ilikwenda mbali zaidi. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa na mafundi wakiongozwa na Ali Skanda, liliteremshwa majini Septemba 2018 likiwa limetumia takriban tani 10 za plastiki na kandambili 30,000 za kupamba ubavu wake. Mwanzoni mwa mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita 500, likisimama bandarini njiani. Thamani yake kubwa kwa mnunuzi wa pwani ni kwamba lilijibu shaka ya kawaida, kuwa kitu kilichotengenezwa kwa takataka ni dhaifu. Mvuvi haamini tangazo, ila huamini chombo kilichokwenda na kurudi. Fundi wa ubao akikiri kwamba plastiki iliyorejelezwa inashika msumari na kuvumilia maji ya chumvi, biashara ya mbao za plastiki, benchi na viti hupata wateja wa nyumbani, na haitegemei tena huruma ya mgeni.

Urejelezaji una madhara yake kwa tabia ya kununua. Mwaka 2013 watafiti Jesse Catlin na Yitong Wang walichapisha majaribio ambayo watu waliopewa kazi ya kujaribu mkasi walikata karatasi nyingi zaidi palipokuwa na pipa la urejelezaji kuliko palipokuwa na pipa la kawaida. Kujua kwamba kitu kitatumika tena huondoa hatia, na hatia ikiondoka mkono hulegea. Lebo ya mishale mitatu kwenye chupa ya maji humwambia mnunuzi wa Kismayu kwamba chupa hiyo inaweza kurejelezwa. Haimwambii kwamba hakuna mtambo wa kuirejeleza ndani ya safari anayoweza kuilipia. Ahadi kama hiyo, mahali pasipo na njia ya kuitimiza, ni ya kumpotosha mteja.

Njia ya tatu, haki ya kurudisha mali, inaonekana haihusiani na takataka, lakini inaathiri ununuzi kuliko zote mbili. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 na Narayan Janakiraman na wenzake ulionyesha kwamba masharti mepesi ya kurudisha huongeza manunuzi kuliko yanavyoongeza mali zinazorudishwa. Mteja akijua anaweza kurudisha, anathubutu. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki tangazo la ukutani husema kinyume: mali ikiuzwa hairudishwi. Jibu la wanunuzi limekuwa kuhamishia ukaguzi wote kabla ya malipo. Balbu huchomekwa na kuwashwa mbele ya mteja ndipo ifungwe, redio hupigwa, simu huwekwa laini na kupigiwa. Kinachotafutwa ni uhakika, na kwa kuwa haupatikani baada ya kulipa, hutafutwa kabla.

Kwa jamii ya Waislamu wa madhehebu ya Shafii, kama Wabajuni walivyo, tangazo hilo halina neno la mwisho. Fiqhi ya biashara inatambua hiari ya mnunuzi: wote wawili wanaweza kuvunja mauziano kabla hawajaachana, wanaweza kuwekeana sharti la muda, ambao kwa Shafii hauzidi siku tatu, na mali ikionekana na ila iliyokuwapo kabla ya kuuzwa, mnunuzi ana haki ya kuirudisha. Kumkubalia mwenzako aliyejutia mauziano, ijapokuwa mali haina ila, ni tendo linalosifiwa. Katika mji kama Kismayu, ambako kwa miaka mingi mahakama za serikali zilikuwa dhaifu au hazikuwapo, hukumu ya kadhi na sifa ya mtu msikitini ndizo zilizobaki kuwa dhamana ya mteja. Ndiyo maana mnunuzi wa visiwani humfuata muuzaji kabla ya kuifuata bei.

Umbali tena huingilia. Chukulia mvuvi wa Chula anayenunua kipuri cha mashine ya boti Kismayu. Akikifunga kisiwani na kukuta hakikai, kukirudisha kunahitaji mafuta ya safari nzima, na kusi ikiwa kali huenda asiweze kutoka kwa siku kadhaa. Hiari ya siku tatu inaweza kuisha kabla upepo haujatulia. Mtu huyu ataamua mojawapo ya mambo mawili: kulipa zaidi kwa kipuri halisi cha Yamaha ambacho hategemei kukirudisha, au kununua kwa muuzaji anayekubali kuhesabu siku kuanzia chombo kitakapofika. Muuzaji anayekubali sharti hilo hupata mteja wa maisha bila kushusha bei hata kidogo, na inasikitisha kwamba wengi hawaioni faida hiyo.

Sheria nazo zimeingia, ingawa kwa mlango wa marufuku zaidi kuliko wa kurudisha. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 kwa adhabu inayoweza kufika shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka minne, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Serikali ya Somalia ilitangaza marufuku ya mifuko ya kutumika mara moja kuanzia tarehe 30 Juni 2024. Marufuku hubadilisha ununuzi papo hapo: kikapu cha ukindu na mfuko wa kitambaa vilirudi sokoni Kenya na Tanzania ndani ya wiki chache. Chupa kwa sehemu kubwa haikuguswa. Kwa chupa Kenya ilichagua njia ya kumbebesha mtengenezaji gharama ya takataka yake, kwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022. Gharama hiyo humezwa ndani ya bei, mteja haioni, na kisichoonekana hakimfanyi achague chupa moja badala ya nyingine. Itamgusa pale tu ambapo kifungashio kibaya kitatozwa zaidi kiasi cha kuonekana kwenye bei ya rafu.

Somalia haina mpango wa kitaifa wa amana ya chupa, lakini Kismayu ina vitu viwili ambavyo mpango kama huo unahitaji. Cha kwanza ni pesa za simu. Huduma kama EVC Plus zimezoeza watu kulipana hata senti chache za dola, jambo lililo gumu kwa noti zilizochakaa za shilingi ya Somalia. Cha pili ni vyombo vyenyewe. Mashua inayoleta samaki na kamba mjini na kurudi na unga, sukari na mafuta inakwenda na kurudi hata bila mpango wowote. Chupa zilizokanyagwa na kufungwa kwenye gunia hazina uzito wa kumsumbua nahodha, mradi kuna anayemlipa akifika.

Kwa hesabu hiyo, mpango unaolipa amana mjini peke yake hautamgusa mnunuzi wa Koyama wala wa Chovai. Ataulipia kama kodi na kuuchukia. Utakaobadilisha anachonunua ni ule unaopokea tupu ufuoni, unaolipa papo hapo, unaoweka amana ndogo kwenye chombo cha kujazwa tena na kubwa kwenye cha kutupwa, na unaompa nahodha fungu lake. Safari hiyo ya kurudi inapaswa kulipiwa na waagizaji wanaoshusha shehena za chupa bandarini Kismayu, maana wao ndio pekee katika mnyororo mzima waliopata faida bila kuombwa kurudisha chochote.